Mkunga Amepumzika

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema bali ya simu za kuzungusha namba kwa kidole, palikuwa na gazeti liitwalo Mbiu ya Bonde. Katika chumba chake cha habari walifanya kazi wasichana watatu ambao majina yao hayakuwahi kuchapwa. Sekela alipokea simu na kuandika yaliyosemwa. Sikudhani alitunza kabati la picha na habari za zamani. Ndimyake alikuwa tarishi: alichemsha chai, akafagia, akapeleka kurasa kwa mpiga chapa ng'ambo ya barabara.

Wote watatu walitaka kitu kimoja. Mhariri, Mzee Mwambungu, alikuwa na nafasi ya mwandishi mwanafunzi, na aliahidi kumpa mmoja wao. Kiti kimoja, wasichana watatu.

Basi, tarehe mosi ya mwezi wa saba, asubuhi, simu ikalia. Alikuwa mwakilishi wa gazeti katika kijiji cha Mlowezi, na laini ilikuwa inakwaruza.

"Andika, dada! Mkunga Tumpale wa zahanati yetu amepumzika jana, baada ya miaka arobaini. Watu wamelia sana!"

Simu ikakatika. Sekela akaandika neno kwa neno: amepumzika. Hakuongeza, hakupunguza, hakuuliza.

Mhariri aliposoma, alivua miwani. "Maskini Bibi Tumpale! Wanangu wote wawili aliwapokea yeye." Kisha akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MKUNGA TUMPALE AFARIKI DUNIA. Kwetu sisi, mtu akipumzika na watu wakalia, nani atauliza zaidi?

Sikudhani akaonyeshwa karatasi ya Sekela, akatumwa kuleta picha. Ndani ya jalada la bibi akakuta habari ya mwezi wa tano, na maneno ya bibi mwenyewe: "Mwezi wa sita ukiisha nakabidhi funguo. Na mimi nipumzike." Akarudi mbio.

"Mzee, samahani. Nadhani bibi amestaafu tu."

"Unadhani?"

"Nadhani, Mzee."

"Jina lako Sikudhani, leo umeanza kudhani? Lete picha!"

Chumba kizima kikacheka. Sikudhani akatoa picha, akanyamaza. Lakini alipopita kwenye meza ya chai alimnong'oneza Ndimyake yote aliyoyasoma.

Saa tisa alasiri Ndimyake akapewa ukurasa ndani ya bahasha. Akavuka barabara, akafika kwa mpiga chapa, akaweka bahasha kwenye ngazi, akaikalia.

"Binti, lete ukurasa," akasema fundi wa mtambo.

"Sileti, mpaka wapige simu Mlowezi."

"Umetumwa kuleta au kuatamia?"

"Naatamia, fundi. Ngoja uone kitakachoanguliwa."

Fundi akamwita mhariri. Mhariri akavuka barabara kwa hasira. "Ndimyake, inuka! Huna kazi hapa tena!"

"Sawa, Mzee, nifukuze. Lakini piga simu kwanza. Bibi ana watoto, wasije wakasoma msiba usiokuwepo."

Labda ni kwa sababu ya hilo neno watoto. Mhariri akaingia ofisini kwa fundi, akazungusha namba ya zahanati. Ikapokelewa.

"Haloo! Zahanati ya Mlowezi."

"Naomba kuongea na anayesimamia mazishi ya Bibi Tumpale."

"Mazishi? Bibi Tumpale ndiye mimi. Nimekuja kukabidhi funguo. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, Bibi. Ni Mwambungu, wa gazeti."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Mkeo anajifungua tena?"

Ukurasa ukaandikwa upya. Kesho yake mhariri akawaita wasichana watatu mbele ya ubao wa matangazo.

Sekela akasema, "Kiti ni changu. Ningeandika 'amefariki', Sikudhani asingekuwa na neno la kulinganisha na lile la jalada. Mimi nililinda maneno ya mtu."

"Uliyalinda bila kuyaelewa," akasema Sikudhani. "Ungeuliza swali moja tu, pasingekuwa na lolote. Ukweli niliuona mimi. Bila mimi, wenzangu hawa wasingejua kitu."

"Ukauona, ukachekwa, ukanyamaza," akasema Ndimyake. "Ukweli wako ungebaki kabatini. Mimi niliweka kibarua changu chini ya bahasha ile."

"Sema uliweka makalio," akajibu Sekela. "Hukusoma hata mstari mmoja. Kama bibi angekuwa amekufa kweli, tungekuita nani leo? Mkaidi aliyechelewesha gazeti."

"Lakini hakufa," akasema Ndimyake.

Mhariri aliwasikiliza wote. Hakumkatisha yeyote, maana alijua na yeye alisoma neno moja akaandika jingine. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: Kuanzia Jumatatu, mwandishi mwanafunzi ni

Hapo mkono ukasimama.

Mmoja alilishika neno, mmoja akaijua maana yake, mmoja akaizuia njia. Chaki ingali juu, na wasichana watatu wanaitazama. Enyi mnaonisikiliza, ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?