Mninga Uliotunza Kilio cha Limi

Miti ya zamani haikuwa na kitu ndani. Ukiipasua, ilikuwa myeupe mitupu kama muhogo uliomenywa, haina uzi wala jicho, na ubao wa mvule usingeutofautisha na ubao wa mkuyu hata ungekuwa fundi wa mafundi. Ninyi mnaoona sakafu za mbao zikipigwa msasa na kung'aa kwa michirizi yake, mnadhani ni pambo. Si pambo. Kaeni niwaeleze, na mwenye haraka ajiendee, maana habari hii haina njia ya mkato.

Katika nchi ya miombo aliishi mjane aliyeitwa Kalunde, pamoja na binti yake wa pekee, Limi. Limi alikuwa mtoto wa maneno mengi, hujibu swali kabla halijaisha, na mama yake alizoea kumtania kwamba ulimi ule ungemkimbiza mume. Masika moja Limi akaenda kuchuma uyoga, asirudi. Walimtafuta hadi sauti zikawakauka. Kilichopatikana ni kikapu chake tu, kimewekwa vizuri chini ya mninga mkubwa, uyoga umo ndani. Kama ni mnyama, kama ni mto, kama ni watu, hakuna aliyejua.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na mwiko wao: asiyezikwa haliliwi. Kumlilia mtu ambaye hujaona kaburi lake, walisema, ni kumuua kwa mdomo wako. Huenda yu hai huko aliko, nawe umemfungia njia ya kurudi. Kwa hiyo matanga hayakukaliwa. Mzee Kasubi, mkuu wa ukoo, alimwita Kalunde akamwambia kwa upole, "Mwanangu, usilie. Mwache mtoto awe safarini." Walimkataza kwa kumpenda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia.

Nanyi mnajua salamu za kwetu hazina ufupi. Kisimani asubuhi huulizwi wewe peke yako. Huulizwa wa nyumbani mmoja mmoja, hadi mbuzi. Basi kila asubuhi Nyanzala, jirani yake, alimuuliza, "Mama Limi, Limi hajambo?" Na Kalunde, kwa ajili ya mwiko, alijibu, "Hajambo." Masika hajambo, kiangazi hajambo. Moyoni alijua. Alitaka jambo moja tu duniani, kuketi chini na watu wake amlilie mtoto wake mbele yao, na ndilo alilonyimwa.

Akawa anakwenda kwenye mninga. Aliegemeza paji la uso kwenye gome, mahali palepale kila mara, akasema lile ambalo kijijini halikusemeka: "Limi amekufa." Kisha akalia mpaka machozi yakaisha, akanawa uso, akarudi kuwajibu watu kwamba hajambo. Mti uliyanywa machozi yale. Kila alipokuja, ndani yake palichorwa uzi mwembamba mwekundu, na nyuzi zilipofika pale alipoegemeza kichwa zilijipinda, zikapazunguka.

Miaka ikapita. Mtemi akataka ikulu yake iwe na sakafu ya mbao, na wakata miti wakauangusha mninga ule. Ulipotoa utomvu mwekundu walishtuka, lakini amri ni amri. Wachonga mbao walipoupitishia tezo waliona michirizi, wakadhani ubao umechafuka. Wakachonga zaidi, nayo ikazidi kuonekana. Mwishowe wakaupaka masizi na samli mpaka ukawa mweusi tii, wakautandika, na watu wakacheza ngoma juu yake. Kalunde aliposikia mti umekatwa aliingia ndani akafunga mlango. Sasa hata pa kulilia hakuwa napo.

Mtemi yule akafa, akatawazwa mwingine, naye hakuipenda sakafu nyeusi. Wanawake wakaitwa waisugue kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, kisha waipake mafuta ya mbarika. Kalunde, ambaye sasa alikuwa bibi mwenye magoti mabovu, alipiga magoti pamoja nao akasugua. Weusi ukatoka. Mafuta yalipoingia, ubao ukafunguka: nyuzi nyekundu, moja kando ya nyingine, zikienda sawasawa, halafu zikijipinda kulizunguka jicho moja lenye ukubwa wa paji la uso. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Aliweka kiganja pale, akaijua kila siku aliyokwenda.

Nyanzala, aliyekuwa kando yake, yeye aliona mbao tu. Akamsemesha kama alivyozoea, "Mama Limi, umechoka sasa. Limi hajambo?"

"Limi alikufa," Kalunde akasema. "Alikufa siku ileile. Nimemlilia kwenye mti huu miaka yote hadi ulipokatwa, na kila uzi ni siku moja ya kilio changu. Tazameni."

Mikono ikasimama. Wanawake waliziangalia nyuzi zile, zilivyobanana na zilivyokuwa nyingi, wakaona hapana pa kubisha. Limi alikwisha kuliliwa. Wao tu ndio hawakuwepo. Nyanzala ndiye aliyeanza, akalia kwa uchungu wa mtoto na kwa aibu ya salamu zake, na wengine wakafuata. Matanga ya Limi yakakaliwa palepale sakafuni. Kalunde alilia mbele za watu mpaka jua likazama, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Walipomaliza waliosha sakafu, na maji yake, kama yafanywavyo maji ya msiba, wakayamwaga mwituni. Miti ikayanywa.

Na tangu siku hiyo kila mti una nyuzi ndani yake, na za mninga ndizo nyekundu. Sakafu hukanyagwa ikafubaa, fundi akaipiga msasa akidhani anaondoa uchafu wa zamani, na nyuzi zikarudi wazi kuliko mwanzo. Na tangu siku hiyo, katika nchi ile, mama aliyepotelewa na mtoto haulizwi kama mtoto hajambo. Watu huja, huketi naye chini, na humwacha alie.