Nusu Kamba ya Digidigi

Sogeeni hapa, nyie. Wewe Shazume, acha kutafuna choroko mbichi, utaumwa tumbo halafu mama yako aseme ni bibi. Na huo ungo uacheni hapo katikati, tutauhitaji.

Hapo zamani za kale, rula haijazaliwa, shibiri ni kiganja cha mama yako na dhiraa ni mkono wake, wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao na ugomvi wao wa mipaka, kama sisi tu. Walikaa Bonde la Kale. Ah, bonde lile! Mimi sikuliona, lakini bibi yangu alipolisimulia aliacha kuchambua choroko, akabaki anatazama ukuta. Nami nikifika hapa namkumbuka yeye.

Mifereji miwili ya maji ilipita sambamba bonde zima, na mashamba yote yalikaa katikati yake. Kwa hiyo upana ulikuwa mmoja kwa kila mtu. Wanyama hawakuulizana kingine ila hiki:

"Lako hatua ngapi?"

"Hamsini."

"Aa, langu sitini!"

Basi, hesabu imekwisha, twendeni tukale. Mwenye shamba refu ndiye mwenye shamba kubwa.

Kisha mvua ikagoma. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mifereji ikakauka mpaka vyura wakaikimbia. Wanyama wakafunga virago, wakatembea siku ishirini kutafuta kwingine, na njiani walizika wengi. Baba yake Digidigi alizikwa huko. Mama yake alifika akiwa ameegemea bega la binti yake, magoti yamevimba kama mafenesi.

Mnamjua Digidigi? Yule mnyama mdogo kuliko mbuzi, macho makubwa, akitembea ni ti-ti-ti-ti, kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Alibaki na mama yake tu.

Walikofika palikuwa na uwanda mpana, na kijito pembeni. Mifereji hakuna. Jumbe wao, Ndovu, akawakusanya.

"Jamani, kila nyumba nitaipa kamba moja. Ina mafundo themanini, na fundo hadi fundo ni hatua moja. Utakapopazungushia kamba yako ndipo shamba lako. Lakini nisikilizeni vizuri! Baada ya mavuno, kila nyumba ilete pishi mia moja za mahindi kwenye ghala la akiba. Asiyefikisha, ahame. Njaa ilitukuta mikono mitupu, tukazika. Mimi sitaki kuzika tena."

"Sawasawa!" wakaitikia wote.

Kiboko akasimama. Huyo alikuwa tajiri wa Bonde la Kale, na sauti yake ilitoka tumboni.

"Jumbe, nina neno. Hivi na huyu Digidigi naye apewe kamba nzima? Mwili wake wote haufiki sikio la Nyati! Mdomo mdogo, kamba ndogo."

"Umenena, ndugu yangu!" Nyati akadakia. "Apewe nusu!"

Kicheko kikapasuka, kwa-kwa-kwa! Digidigi akangoja kiishe.

"Jumbe, na akiba nitaleta pishi ngapi?"

"Mia. Sheria ni moja kwa wote."

"Kamba nusu, akiba nzima?"

Ndovu akajikuna sikio, akatazama pembeni. Alikuwa mkubwa wa mwili, lakini kugombana na akina Kiboko hakukuweza. Twa! Panga likapita. Digidigi akapewa kamba ya mafundo arobaini.

Alifika nyumbani analia. Mama yake alikuwa ameketi kibarazani anasuka kapu la ukindu, choroko zake zikiwa kwenye ungo kama hizi zangu.

"Mama, tutahama tena."

"Mimi sihami," mama akasema. "Magoti haya hayana safari nyingine. Ukihama, mwanangu, unizike kwanza hapa hapa."

"Mama, usiseme hivyo!"

"Nimeshasema. Hebu futa machozi, nimiminie hizo choroko kwenye kapu."

Digidigi akamimina. Kapu likajaa mpaka ukingoni. Akalinyanyua, akalibana kwapani alipeleke ndani. Pwaaa! Choroko zikamwagika sakafuni.

"Ee, mtoto huyu! Tangu ukiwa mdogo nakwambia, kapu halibanwi ubavu. Ukilibana linakuwa refu, lakini halibebi kitu."

Digidigi akaliangalia kapu. Akalibana, akaliachia. Akalibana tena. Ukingo ulikuwa ule ule, hakuna aliyeukata wala kuuongeza. Ukibanwa, kapu linaonekana refu na choroko zinakosa nafasi. Ukiachiwa uwe duara, choroko zote zinaingia.

"Mama!" akasema polepole. "Kumbe nusu kamba inatosha."

"Inatosha nini? Okota choroko."

Lakini mambo yalikuwa mawili. Duara linataka uwanja mpana, na ule uwanda wa katikati wenye udongo mweusi, Kiboko na Nyati wote wawili walikuwa wanaumezea mate. Digidigi akaondoka, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulilia kamba?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja tu kukumbuka kwetu. Unalikumbuka shamba la marehemu baba yako?"

 Kiboko akapiga kwikwi moja kubwa.

"Hatua sabini na tano," akasema. "Asubuhi akinishika mkono tulitembee, tukifika mwisho umande umeshakauka."

"Na sisi letu lilikuwa ishirini. Baba alinifundisha kuhesabu humo. Moja, mbili, tatu, mpaka kwenye mti wa mwisho."

Wakalia wote wawili. Msidhani Digidigi alikuwa anaigiza! Machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa, ila kichwa hakikulala.

"Ndiyo maana nakuonea huruma, mzee," akaendelea. "Nasikia utalima pale uwandani. Kishamba kifupi kama kitumbua? Ukisimama tu, umekiona chote. Watoto wakikuuliza, baba, letu hatua ngapi, utawajibu nini?"

"Mimi? Kitumbua?" Kiboko akainuka. "Lete kamba! Shamba langu litafuata kijito, refu kama la baba!"

Akaivuta kamba yake kando ya kijito. Upana akaacha hatua mbili, urefu akapata thelathini na nane. Akalitembea huku na huku anaimba nyimbo za kwao.

Digidigi huyoo, mpaka kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee Nyati. Umesikia? Mzee Kiboko amepata hatua thelathini na nane."

"Nani? Yule mnene? Basi mimi thelathini na tisa!"

"Lakini mzee wangu, kwa kamba hiyo upana utabaki hatua moja tu."

"Upana?" Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Wewe mtoto, tangu uzaliwe umewahi kusikia mtu anaulizwa upana?"

"Sijawahi, mzee."

Mnaona, wajukuu zangu? Alimwambia ukweli mbele ya uso wake! Ila mtu akishapenda jambo, masikio huyavua akayaweka pembeni.

Uwanda ukabaki mtupu. Digidigi akachomeka kigingi katikati, akafunga ugwe, akauvuta hatua sita na kitu, akazunguka nao, ti-ti-ti-ti, akichora mstari kwa kwato. Akalaza nusu kamba yake juu ya mstari. Mara ya kwanza ilipungua kidogo, akaufupisha ugwe, akachora upya. Mara ya pili ncha ikakutana na ncha.

"Njooni muone kitumbua cha Digidigi!" wenzake wakapiga kelele.

Yeye akajichimbia mashimo yake. Wakati ule desturi ilikuwa shimo moja la mahindi kila hatua, kwenda mbele na kwenda kando. Kiboko akapata mistari miwili ya mashimo thelathini na manane. Nyati akapata mstari mmoja wa thelathini na tisa. Na kupalilia kulimshinda, masikini, maana shamba la hatua moja hawezi kugeuka ndani. Akifika mwisho inambidi arudi kinyumenyume, mkia mbele, pu! matako yake yanagonga mti.

"Lakini ni refu!" alikuwa anasema. "Mmeona lilivyo refu?"

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kwa adabu. Kila shimo likatoa pishi moja. Siku ya mavuno, Ndovu akasimama mlangoni mwa ghala na pishi mkononi, wanyama wote wamezunguka, na mama yake Digidigi ameketi mbele kabisa, mkono kifuani.

"Nyati!"

"Thelathini na tisa, Jumbe."

"Nini? Kiboko!"

"Sabini na... sabini na sita."

"Na hiyo mia iko wapi?"

"Shamba ni refu, Jumbe, sijui imekuwaje. Labda ndege."

"Digidigi!"

Digidigi akaanza kumimina. Pishi, pishi, pishi. Sabini ikapita, watu wakaacha kunong'ona. Tisini. Mia! Mama yake akapiga kigelegele, na Digidigi bado anamimina. Alipofika mia na ishirini na tano ndipo gunia likaisha.

"Mwizi!" Kiboko akanguruma. "Ameunga kamba!"

"Kamba hiyo hapo," Digidigi akasema. "Hesabuni mafundo."

Wakahesabu. Arobaini. Nyati akahesabu mwenyewe kwa pua. Arobaini. Ndovu akahesabu mara ya tatu, akaona aibu, maana panga lilikuwa lake.

"Binti yangu, tueleze," akasema.

Digidigi akauchukua ungo wa mama yake, akaweka juu yake uzi uliofungwa ncha kwa ncha. Haya Shazume, na wewe chukua uzi huu, uufunge hivyo hivyo, uuweke kwenye ungo. Ubane uwe mrefu kama shamba la Nyati. Panga choroko ndani, moja moja, zisipandane. Ngapi? Kumi na moja. Sasa usiukate, uachie uwe duara. Panga tena. Enhe, pole pole. Ngapi? Arobaini na ushee! Uzi si ni ule ule? Umeongeza kitu? Hukuongeza. Basi na wao walitoa macho kama wewe.

"Kwetu," Digidigi akawaambia, "upana tulipewa na mifereji, ndiyo maana tulihesabu urefu peke yake. Mifereji ilibaki kule. Sisi tumekuja na hesabu yake."

 Ndovu akakohoa.

"Sheria ni sheria. Wengine wote wamefikisha, Nyati na Kiboko hawakufikisha. Wahame."

Nyati akaketi chini, puu. Kiboko akafunika uso.

"Mimi sikutaka ukubwa," akasema, na ile sauti ya tumboni ilikuwa imekwisha. "Nilitaka nikiamka asubuhi nitembee, nijione niko kwetu, nimeshikwa mkono na baba."

Digidigi moyo ukamuuma. Alijua fika ni nani aliyemshikisha kumbukumbu ile.

"Jumbe," akasema, "njia ile nimetembea. Mama yangu hana magoti ya kuirudia, na mimi sitaki mwingine aipite. Zile pishi zangu zilizozidi ziingie akiba. Wazee hawa wapewe mwaka mmoja, nitawashikia kigingi wachore upya. Ila naomba mawili."

"Sema."

"Nirudishiwe nusu yangu ya kamba. Na mzee Nyati aje kunichimbia mashimo. Kwangu atapata pa kugeuka."

Hata Nyati mwenyewe akacheka. Na Kiboko akamwinamia yule mdogo asiyefika sikio, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko akili."

Mwaka uliofuata uwanda wote ukawa wa maduara. Watu wakadhani Digidigi ataiunga kamba yake, achore duara kubwa kuliko yote. Hakuiunga. Aliichukua ile nusu ya pili mpaka mlangoni pa mama yake, akaivuta nyembamba, upana hatua moja, urefu kumi na tisa.

"Digidigi!" wakashangaa. "Wewe uliyetufundisha? Hapo utavuna nini?"

"Hilo si la ghala," akajibu. "Ni la mama."

Na kila asubuhi yule mama alitoka na fimbo yake, magoti yanauma, anatembea taratibu na binti yake pembeni, wanahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa. Pungufu moja tu na lile la kwao. Akifika mwisho anasimama kidogo, anaufuta uso kwa kanga, anageuka.

Bibi yangu naye alihesabu hivyo hivyo akitoka jikoni kwenda kisimani. Nikiwa mdogo nilimcheka, na leo najikuta nahesabu.

Haya, funzo lake ni hili: usipime shamba kwa urefu peke yake, wala mtu kwa kimo chake. Shazume, rudisha choroko kwenye ungo, na hizo za mfukoni pia.