Simba Alipotaka Kufuga

Hapo zamani za kale, ila si za kale sana maana betri zilikuwa zimeshafika mwituni, aliishi Pimbi mmoja na mdogo wake aitwaye Tunu. Nyumba yao ilikuwa ufa katika jiwe, lakini ufa uliofagiwa, wenye jiko la mafiga na chungu cha kisamvu. Nyie mnaoacha vitanda havijatandikwa mngeona haya.

Siku hiyo Pimbi alikuwa akimsuka Tunu nywele. Mara sauti kubwa ikatikisa jiwe zima.

"Dawa ya panyaaa! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, wote kwishaaa!"

Panya wa jirani wakatoka mbio, pukupuku, wakaacha ugali wa moto jikoni. Kumbe ni Fisi! Alikuwa ameokota kipaza sauti kilichodondoka kwenye baiskeli ya mchuuzi, na hajui kukizima.

Pimbi akakichunguza akakielewa upesi. Ukibonyeza kitufe chekundu huku unasema, kinameza maneno yako. Ukibonyeza cheusi, kinayatapika tena na tena mpaka uchoke mwenyewe.

"Ahsante, shemeji," akasema Fisi. Akakohoa, akaanza. "Tangazo! Mzee Simba anataka kufuga! Kamwona paka wa askari wa wanyamapori kalala juu ya mto, anakunwa shingo. Naye anataka mnyama wake wa kumkuna shingo. Kamchagua Tunu. Kesho asubuhi wote mfike uwanjani mtoe maoni!"

Pimbi akamvuta Tunu karibu. "Na yule Kanga aliyemfuga juzi yuko wapi?"

"Ajali tu ile," akasema Fisi, akiangalia pembeni. "Mzee alipiga mwayo, Kanga akawa karibu."

Tunu akaanza kulia. Pimbi akamfuta machozi, akajitanda khanga, akatoka kwenda kwa majirani.

"Jambo la aibu kabisa!" akasema Punda Milia. "Mtoto wa watu afungwe kamba? Siungi mkono hata kidogo."

"Basi kesho utasema hapana?"

"Aa, hapo sasa..." Punda Milia akajikuna sikio. "Nitasema ndiyo, lakini kwa sauti ndogo."

Akaenda kwa Mama Ngiri. "Shoga, nakuonea huruma mpaka tumbo linaniuma," akasema Mama Ngiri. "Ila na mimi nina watoto. Simba akimkosa wako, atakuja kwangu."

Kila nyumba ikawa hivyo hivyo. Pimbi akagundua kwamba majirani zake wana maoni mawili, moja la jikoni na moja la uwanjani. Alikasirika, kisha akaogopa, kisha akakaa chini akafikiri.

Asubuhi akawahi kwa Simba kabla umati haujafika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umemleta?"

"Anaoga, Mzee. Mimi nimekuja kwa sababu ya swali. Ukiuliza swali refu utawachanganya wananchi. Ngiri akisikia neno la tatu ameshalala. Uliza fupi tu: Simba afuge, asifuge?"

Simba akacheka, kwa maana alipenda mambo mafupi. "Vizuri. Utauliza wewe, una sauti ya kengele."

"Lakini Mzee, kuna wanaonong'ona. Wanasema maoni haya ni mchezo tu, kwamba likitoka jibu usilolipenda utaruka."

"Nani? Nani anasema hivyo?" Simba akanguruma mpaka Fisi, aliyekuwa kando yake, akadondosha kipaza sauti akajificha nyuma ya kichuguu. "Lete hicho kidude!"

Pimbi akakiokota, akabonyeza kitufe chekundu, tik! Simba akasema kwa kishindo: "Mimi Simba! Watakachosema wananchi ndicho hicho hicho! Atakayekipinga namtafuna, hata awe nani!"

Wananchi wakaja, wakajaa uwanja mzima, na ndege juu ya miti. Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Wananchi! Simba afuge, asifuge?"

Watu walimtazama Simba, wakatazama meno yake.

"Afugeee!"

Punda Milia naye alisema, tena si kwa sauti ndogo.

"Mmesikia!" akasema Simba, akilamba midomo. "Fisi, nenda kamlete Tunu."

"Ngoja kwanza, Mzee," akasema Pimbi. "Wananchi wamekubali ufuge. Hawajasema ufuge nini. Tusiwasemee."

"Si ni Tunu, jamani!" akadakia Fisi.

"Kwani wewe ni wananchi?"

"Hapana, mimi Fisi."

"Basi nyamaza." Pimbi akainua kipaza sauti. "Wananchi! Afuge mwenye miguu minne?"

Kila mmoja akatazama miguu yake, akaihesabu, akaona inatimia.

"Afuge mwenye mabawa?"

Huko juu ya miti hata jani halikutikisika. Kila ndege alimkumbuka Kanga.

"Au," akasema Pimbi pole pole, "afuge ndevu?"

"NDEVUUU!" Uwanja ukalipuka. "Ndevu! Ndevu! Afuge ndevu!" Mama Ngiri aliruka mpaka akaanguka chali. Nyani walipiga vigelegele, na twiga mmoja mpole, ambaye hakuwahi kutoa maoni maishani mwake, alipiga miguu chini, puu, puu, puu.

Simba akasimama, manyoya yamemsimama. "Ndevu? Ndevu gani? Mimi nataka mnyama! Nakataa!"

Pimbi akabonyeza kitufe cheusi.

"Mimi Simba! Watakachosema wananchi ndicho hicho hicho! Atakayekipinga namtafuna, hata awe nani! Mimi Simba! Watakachosema wananchi..."

Wote wakamgeukia Simba, wakasubiri.

"Mzee," akauliza Fisi kwa heshima zote, "utaanzia mkiani?"

Simba akautazama mkia wake. Akaketi. Akajishika kidevu. "Kwani... zitanipendeza?"

"Mbona sana!" wakaitikia wote, na safari hii walisema kutoka moyoni.

Pimbi hakungoja zaidi. Alikimbia hadi nyumbani, akamkuta Tunu kajikunyata nyuma ya chungu.

"Dada, wamesema hapana?"

"Hakuna hata mmoja aliyesema hapana," akasema Pimbi. Akamvuta mdogo wake mapajani, akamkumbatia kwa nguvu, kisha akaendelea kumsuka pale alipoishia jana.

Hadithi ndiyo hiyo, wanangu, na funzo lake ni hili: mtu akikuomba useme ndiyo, mwulize kwanza ni ndiyo ya nini.