Muhanga na Kamba ya Rufaa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa mwenye haki na mwenye meno!

Haya, sogeeni, na atakayesinzia asiniulize kesho. Hapo zamani za kale Muhanga alichimba shimo siku saba, akazaa humo. Siku ya nane akaenda kutafuta mchwa. Kurudi, akamkuta Ngiri kajilaza mlangoni, na mtoto yuko nje juani, analia.

"Bwana Ngiri, hii nyumba yangu!"

"Ilikuwa," akajibu Ngiri.

Wakaenda kwa Hakimu Pofu, yule swala mkubwa mwenye pembe. Pofu hakwenda hata kulitazama shimo. Akasema, "Aliyemo ndiye mwenyewe." Kesi ikaisha. Hukumu gani hiyo, jamani!

Lakini nchi ile ilikuwa na desturi. Asiyeridhika na hukumu alisokota kamba ya ukindu, akampa karani, naye karani akaitundika mtini. Alasiri ya siku ya tatu Tai alipita, na kila kamba aliyoikuta mtini aliipeleka ng'ambo ya mto kwa Ndovu, kesi isikilizwe upya. Kamba isiyotundikwa, rufaa imekufa.

Karani alikuwa Ngedere. Siku ya kwanza Muhanga akaja mbio.

"Karani, pokea rufaa yangu!"

"Kamba fupi. Rudi!"

Siku ya pili akaja na kamba ndefu.

"Karani, pokea rufaa yangu!"

"Kesi yako nimeipima. Huna haki. Rudi!"

Siku ya tatu mawingu ya masika yametanda, mtoto anatetemeka mgongoni.

"Karani, pokea rufaa yangu!"

Ngedere akamtazama Hakimu. Pofu akatikisa pembe. "Nilishakata mimi! Rufaa hiyo naikataa!" Ngedere akacheka, akaivaa kamba shingoni, akajikalia juu ya kigoda chake chini ya mti.

Muhanga akainua macho. Tai huyooo, anakuja! Akaitazama mikono yake. Mikono iliyochimba nyumba itashindwa na kigoda? Akachimba! Akachimba! Akachimba! Vumbi likatimka, kigoda kikazama, na Ngedere kwa woga akarukia mtini.

"Tai! Kamba iko mtini!" Muhanga akapiga ukelele.

Tai hana maswali. Akashuka, akanyakua kamba pamoja na karani wake.

Ndovu akaitazama kamba, akamtazama aliyeivaa. "Karani, kazi yako nini?"

"Kupokea na kutundika, Mzee."

"Na kupima kesi?"

"Hakimu ndiye aliyeikataa, Mzee," akasema Ngedere, akiivua kamba shingoni.

"Na Hakimu kukataa rufaa ya hukumu yake mwenyewe, nani kampa ruhusa?"

Ndovu akavuka mto, akawaita wote, akasimama mbele ya shimo. "Ngiri, chimba jingine nikuone."

Ngiri akachokora, akachokora, akachokora, akapata pahala pa kuku kuogea vumbi. Muhanga akachimba, akatoweka mzima.

"Nyumba ni ya Muhanga," akasema Ndovu. "Nawe Pofu, ukishakata, umekata. Kinachokuja kwangu usikizuie."

Mvua ikaanguka palepale, nzito kweli. Mtoto wa Muhanga alikuwa ndani, mkavu, kalala.

Basi, wenzangu, karani hapimi haki ya mtu, na hakimu hajihukumu mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Asiyeridhika nayo akate rufaa kwa bibi aliyenisimulia. Ila kwake huko hajashinda mtu.