Mashavu na Zimwi la Kisimani

Haya, sogeeni niwasimulie. Zimwi lilikalia kisima cha kijiji, likawa linamtukana kila aliyekuja kuchota. Aliyerudisha tusi, lilimmeza na kuzidi kuvimba, maana matusi ndiyo yaliyolilisha; aliyenyamaza, lilimzibia maji. Watoto walipoanza kuzimia kwa kiu, Mashavu, mfinyanzi aliyejulikana kwa wepesi wa hasira, alikwenda na mtungi wake.

Zimwi likaicheka sura yake. Akavuta pumzi. Likavicheka vyungu vyake. Akavuta pumzi. Likamtukana marehemu mama yake. Machozi yakamtoka.

“Umeniumiza, na nimekasirika sana,” akasema. “Lakini sikutukani. Nipishe nichote maji.”

Zimwi likanywea hadi likawa kama chura, likawatapika wote liliowameza. Mashavu akarudi na mtungi kichwani, shingo wima, kijiji kizima kikimpigia vigelegele. Ngano yangu imetua hapo.