Chaja ya Mgongoni

Mtu mmoja alikuwa na shemeji mwenye masikio mazito. Mtu huyo ni Lushinge, fundi redio; shemeji ni Kabula, mke wa kaka yake, mama ambaye enzi zake hakuna umbea uliopita mlangoni kwake bila kupiga hodi. Alipewa kifaa cha kusikilizia na vibetri vyake vidogo vya kuchaji, lakini kijijini umeme haujafika. Jumamosi binti yake anaolewa kanisani, na mama alitaka kitu kimoja tu: kumsikia mwanawe akiitika "ndiyo."

Lushinge akaunda chaja ya jua. Kioo cha sola kama kiganja, kijumba cha vibetri chini yake, na mikanda ya kuivaa mgongoni njiani, maana juu ya bati kunguru walidonoa nyaya. Shambani huvuliwa, jembe lisije likaivunja. Akaijaribu mwenyewe wiki nzima, kwenda shamba asubuhi na kurudi jioni. Vibetri vikajaa pomoni. Jumatatu akamkabidhi Kabula kwa maringo.

Siku tatu, vibetri vimekufa vilevile. Kisimani wanawake wakanong'ona ati fundi kampa shemejiye boksi tupu. Kabula hakusikia neno, ila midomo yao aliisoma. Akamvaa Lushinge kwa sauti ya kiziwi, kijiji kizima kikasikia:

"Shemeji, hata mtoto nikimbeba mgongoni hunikojolea. Hiki chako hakitoi hata tone!"

Wakacheka mpaka kanga zikawaanguka. Lushinge hakucheka. Alhamisi kulipokucha akamfuata nyuma kwenda shamba, na hapo ndipo alipoona. Shamba lake yeye liko magharibi: asubuhi jua humpiga mgongoni, jioni akirudi humpiga mgongoni tena. La Kabula liko mashariki. Mama wa watu alitembea amekunja uso, machozi yanamtoka kwa mwanga, na mgongoni chaja imelala kivulini. Fundi akakaa chini njiani akajicheka. Njia ya kila mtu alikuwa ameipima kwa mgongo wake mwenyewe.

Akaihamishia kifuani.

Jumamosi binti aliitika kwa kijisauti cha aibu, na mama akasikia. Akamsikia na wifi yake, benchi la nyuma, akiliteta gauni la mama huyo; mama akageuka akamkonyeza.

Nawe unayesema mwenzako nuru haimwingii, ni asubuhi ngapi umeifuata njia yake?