Bomba la Hewa ya Baridi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni masika yaliyopita, huko Njombe alikuwapo mwanamume mmoja aliyelipenda gari lake kuliko alivyolijua. Msinitazame hivyo. Ndiyo, ni mimi, Obadia Mgaya, muuza mbegu na mbolea. Sogeeni mnisikilize, kisha mniamulie jambo, maana nyumbani kwangu limetushinda.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la buluu, la mtumba, na lilikuwa na tabo, kile kifaa kinachoishindilia injini hewa ili gari lichomoke. Mke wangu Sekela alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliuliza, "Tabo au tabu?"

Gari la tabo linapumua sana, na mwenye nalo hufika siku akaliona boksi la filta, kichujio cha hewa, lililotoka nalo kiwandani kuwa ni aibu. Siku yangu ilifika. Jioni baada ya jioni nilikaa na simu nikitazama video za watu wenye magari mazuri kuliko langu. Wapo waliosifu filta ya koni, ile inayokaa wazi ndani ya boneti na kulifanya gari lipige mluzi. Wapo waliosifu bomba refu linaloteremka hadi nyuma ya bampa, filta ikae huko chini, ivute hewa ya baridi. Hewa baridi ndiyo nguvu, walisema. Nikachagua bomba refu.

Sekela alikuwa akichambua maharage. "Hewa baridi," akasema. "Baba Tuli, hapa asubuhi tunapuliza vidole. Hiyo baridi unayokwenda kununua ni ipi tena?"

"Hii ni ya injini, mama."

"Na filta ikikaa huko chini, ikakutana na maji?"

"Mimi siendeshi mtoni," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetazama video nyingi.

Bomba likaja kutoka Dar es Salaam, vipande viwili: cha juu, kinachoanzia kwenye tabo, na cha chini, kinachoshuka hadi nyuma ya bampa. Nikampelekea fundi Kihongosi, mwenye gereji karibu na soko la viazi. Jioni nikalichukua gari langu, na jamani, nililisikia. Lilikuwa jepesi, lilipanda vilima kama limeitwa. Kesho yake nilirudi gereji kumshukuru fundi. Nikamshika mkono, nikamwambia gari limezaliwa upya. Dukani kila aliyekuja kununua mbegu aliondoka na mbegu na habari za hewa ya baridi. Baadhi yao walihama duka.

Sasa mvua ikakolea. Dada yangu Lusungu alikuwa kwetu akisubiri kujifungua, kwa kuwa mumewe alikuwa kazini Mtwara. Mchana mmoja uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, nao ukaja kwa kasi. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Sekela, tukaondoka.

Kati ya kijiji chetu na mji kuna kijito. Siku zote kinapita chini ya barabara bila kumsumbua mtu. Siku hiyo kilipita juu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka, na barabara haikuonekana. Nikasimamisha gari.

Nyuma Lusungu alikuwa akiuma ukanda wa kiti.

"Mbona umesimama?" Sekela akauliza.

"Bomba," nikasema.

"Bomba gani?"

"Filta iko chini, mama Tuli. Tukiingia, injini itakunywa maji. Ikinywa maji, imekufa."

Nilitazama usukani. Najua mnavyonifikiria. Dada yangu anajifungua, na mimi nalifikiria bomba. Lakini nilifikiria pia gari kuzimika katikati ya maji na mjamzito ndani. Yote mawili yalikuwa kichwani, na sitaapa ni lipi lilitangulia.

Sekela hakubishana. Alikiweka kichwa cha Lusungu taratibu juu ya shuka, akafungua mlango, akafunga kanga yake kiunoni, akaokota mti uliolala kando ya barabara, akaingia majini. Sekela hajui kuogelea. Beseni lenyewe analiheshimu. Alipapasa kwa mti, akapiga hatua, akapapasa, akapiga hatua. Maji yakampanda magoti, yakapita kidogo. Mara moja aliteleza, akainama, akasimama tena. Kisha akageuka, akanipungia mkono: njoo nilipopita.

Lusungu akasema, "Kaka, ingia."

Nikaliaga gari langu kimoyomoyo. Nikatia gia ya kwanza, nikaingia. Maji yaligonga milango. Kila nukta nilisubiri injini ikohoe na kunyamaza. Nililia, ndiyo, na sijui kama nilimlilia dada au gari. Injini haikukohoa. Tukatokea ng'ambo, Sekela akapanda akiwa ametota hadi kifuani, na Lusungu akajifungua mtoto wa kiume mara tu tulipofika hospitali. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nesi alisema angechelewa kidogo tu, wangemkosa.

Lusungu alipopata nguvu akasema, "Aliyenivusha ndiye atakayempa mtoto jina." Mumewe akakubali kwa simu. Mimi nikakohoa. Jina nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa Obadia.

Kesho yake nikalipeleka gari kwa Kihongosi alikague, Sekela akiwa nami. Nilimsimulia fundi maji yale na bomba lile. Badala ya kufungua boneti, akakaa juu ya tairi.

"Kaka," akasema, "kile kipande cha chini sikukifunga. Kilinipasukia mkononi nikikilazimisha. Nikafunga cha juu peke yake, filta ikabaki huku juu karibu na betri, nawe hukufungua boneti kutazama. Nilitaka kukuambia. Lakini ukaja kunishukuru, ukasema gari limezaliwa upya. Nikaona haya."

Sekela alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikumbuka wateja wangu wote.

Tukaenda kwa Lusungu sote watatu.

Fundi akasema, "Nilikosea na nilificha. Lakini ningekifunga kile kipande, gari lingezimika katikati ya maji. Kilichomvusha mtoto ni mkono wangu."

Sekela akamwambia, "Mkono wako ulikuwa gereji, na mdomo wako ulikuwa na uongo. Mimi ndiye niliyeingia kwa miguu, nisiyejua kuogelea. Nisingeingia, huyu angekuwa bado anatazama usukani."

"Lakini mtoto hakuvuka mgongoni mwako, shemeji," fundi akasema.

Nami nikasema, "Nyote mlikuwa na chenu. Mimi niliingia nikiamini naliua gari langu, kitu nilichokipenda hadi mkanicheka. Nililitoa."

"Ulitoa kitu ambacho hakikuwa hatarini," Sekela akasema.

"Sikujua."

"Na hukuingia mpaka ulipoitwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Lusungu alitutazama mmoja mmoja, akambadilisha mtoto titi, akasema hawezi kuamua. Hadi leo tunamwita Mdogo, naye ameshaanza kukaa.

Basi nawauliza ninyi mliokaa hapa. Mmoja alivusha kwa kosa alilolificha, mmoja alivusha kwa miguu yake, mmoja alivusha kwa kutoa alichodhani anakipoteza. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?